TUPENI TAREHE, MOYO TUNAO



Sisi watu wa genge la njia ya reli, kati ya Sultan Hamud na Emali, hatuna desturi ya kuandika katika gazeti hili mambo ya nyumbani kwa mtu. Hapa huandikwa mishahara, saa za ziada, buti na makoti ya mvua, na wanyapara wanaofuta majina ya watu kwa chuki zao. Lakini jambo hili lilianza nyumbani kwa mtu, likaishia katika kitabu cha mishahara, na kwa hiyo ni letu sote. Mwenyewe ametupa ruhusa, na mkewe pia, kwa sharti kwamba majina yao yasitajwe.

Mwenzetu huyu kwao ni Kalamba, kule Makueni. Mke wake ni shemeji yetu sote, maana hakuna mtu katika genge ambaye hajala muthokoi wake. Mwezi wa Januari 2025, msimu wa maembe, alikuwa akichuma kwa kibarua katika shamba la jirani, akaona kamba ya mfuko inamwumiza titi la kushoto. Alipopapasa akakuta uvimbe mgumu, mdogo kama njugu mawe. Tarehe 14 Januari akaenda kituo cha afya. Twaitaja tarehe kwa makusudi, maana wako watu wanaopenda kusema kwamba wanawake wetu hujificha mpaka ugonjwa uoze. Huyu hakujificha. Aliambiwa ni maziwa, kwa kuwa alikuwa amemwachisha mtoto ziwa si zamani. Akarudi tena. Ndipo akaandikiwa barua ya kwenda hospitali, huko akatolewa kipande cha nyama kwa sindano, akaambiwa angoje majibu. Majibu yalikuja tarehe 27 Machi, yaani siku 72 tangu siku ile ya kwanza. Yalisema ni saratani ya matiti. Akaandikiwa barua nyingine ya hospitali kubwa zaidi, na huko tarehe yake ikasogezwa mara mbili: mara ya kwanza faili halikuonekana, mara ya pili hakuambiwa sababu. Dawa ya kwanza ilimwingia mshipani tarehe 3 Juni. Hesabuni wenyewe, ndugu. Ni siku 140.

Hospitali hizo hatuzitaji. Hatukuja hapa kugombana na wauguzi, ambao wengi wao ni wanachama wa vyama kama sisi na mishahara yao twaijua. Twataka kusema juu ya siku 140.

Katika siku hizo zote, kila mtu aliyemwona shemeji alimpa neno moja: jipe moyo. Karani wa dirishani alisema jipe moyo. Jirani sokoni Kalamba alisema jipe moyo, huku macho yake yakimtazama kifuani. Mchungaji alisema, shemeji zake walisema, na sisi wenyewe tulisema, tena kwa sauti kubwa, maana hatukuwa na jingine la kusema. Afisa wa ustawi wa wafanyakazi naye alimwambia mume wake kwamba wasiwasi ni adui wa mgonjwa, na kwamba mke wake ajifunze kutofikiri sana. Sisi tuliosoma shule ya misheni twawakumbuka rafiki za Ayubu. Siku saba za kwanza waliketi naye chini, wakanyamaza, na hapo walifanya vema. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu.

Mwezi wa Mei tulikwenda Kalamba watu watano kumtazama. Alikuwa akipepeta pojo uani. Mmoja wetu akaanza tena, jipe moyo shemeji. Akaweka ungo chini akatuambia, bila hasira, "Shemeji zangu, moyo ninao. Ugonjwa nimeukubali. Kinachonila ni kutojua siku."

Akatueleza anavyoishi. Mchana si mbaya, kazi humsahaulisha. Usiku watoto wakilala, ndipo mkono huenda wenyewe kwenye uvimbe, kuupima kama umekua. Huupima mara kumi, na kila mara huona umekua. Simu huitia kifuani mchana kutwa, kwa hofu kwamba hospitali watapiga asisikie, wampe nafasi mwingine. Hawezi kwenda kisimani saa ambayo watu ni wengi. Hawezi kuahidi kwenda harusi ya mdogo wake, kwa kuwa hajui siku hiyo atakuwa wapi. Hakujua kama anunue mbegu za mvua ya vuli au asinunue. Kamwuliza mume wake, na mume wake hajui. Ndugu, hayo si mawazo ya mtu dhaifu. Hayo ni mawazo ya mtu mwenye akili timamu aliyefungiwa katika chumba kisicho na saa.

Sasa sisi ni watu wa reli na tuseme kama watu wa reli. Dereva wa gari la mizigo akisimamishwa stesheni ili apishane na gari jingine, huambiwa anangoja gari gani, na litafika saa ngapi. Likichelewa, huambiwa tena. Hakuna mkubwa wa stesheni anayemwambia dereva ajipe moyo akae hapo mpaka atakapoitwa. Na reli ikionekana ina ufa, hatuiambii reli ijipe moyo. Tunaweka bendera, mwendo wa gari unapunguzwa, ripoti inaandikwa, na siku ya kubadilisha kipande kile inajulikana. Genge likiuona ufa likakaa nao siku 140, kuna mtu atafukuzwa kazi, na atakuwa amestahili. Je, chuma cha reli kina heshima kuliko titi la mama wa watoto wetu?

Wako watakaosema kwamba mambo ya hospitali hatuyajui, na kwamba kupima saratani hakuna budi kuchukua muda. Ni kweli, na hatukatai. Kile kipande cha nyama hakitazamwi mara moja tu. Hupimwa kama uvimbe unalishwa na homoni za mwili, hupimwa kama una wingi wa kitu kiitwacho HER2, maana dawa za huyu si dawa za yule. Kuanza haraka kwa dawa isiyofaa si faida. Tena tusitishane bure: mgonjwa asidhani kwamba wiki moja ya kungoja majibu imemwua. Lakini miezi ni jambo jingine. Mwezi wa Novemba 2020 madaktari walitoa katika jarida la BMJ la Uingereza hesabu waliyoikusanya kutoka uchunguzi mwingi, na wakaona kwamba kila wiki nne upasuaji wa saratani ya matiti unapocheleweshwa, hatari ya kufa hupanda kwa karibu asilimia 8. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mpango wake wa saratani ya matiti uliotangazwa mwaka 2021, limeweka kwamba mtu aliyekwenda na dalili ajulishwe ugonjwa wake ndani ya siku 60. Shemeji yetu alipata siku 72 kwa kujulishwa peke yake, kisha siku 68 nyingine za kungoja dawa. Basi wasiwasi wake wa usiku ulikuwa na hesabu nzuri kuliko maneno ya afisa wa ustawi.

Wala si yeye peke yake. Hesabu za kimataifa za mwaka 2020 zilionyesha kwamba katika Kenya wanawake karibu 6,800 walipatikana na saratani ya matiti mwaka ule, na zaidi ya 3,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Hakuna saratani nyingine iliyowapata wanawake wengi zaidi. Wakubwa nao hufa kwa saratani, twajua. Mwezi mmoja wa Julai 2019 tulimpoteza Bob Collymore wa Safaricom, Ken Okoth mbunge wa Kibra, na Joyce Laboso gavana wa Bomet. Mungu awarehemu, walikuwa watu wa kazi. Lakini wote watatu waliweza kutafuta tiba ng'ambo, London, Paris, India. Sisi hatuwaonei wivu wafu. Twasema tu kwamba mwenye ndege hangoji dirishani, na hiyo ndiyo tofauti ambayo chama kiliundwa kuipigania.

Jambo moja twataka kila mwanachama alikumbuke, maana ni dogo na lilitupa mwanga. Mwezi wa Aprili, mara ya pili tarehe iliposogezwa, muuguzi mmoja alimwona shemeji analia kwenye benchi. Akamketisha pembeni, akamweleza kwa lugha nyepesi majibu yake yanasema nini, ni kipimo gani bado hakijarudi, kwa nini kinahitajika, na kwamba dawa itaanza kabla ya kisu ili uvimbe upungue. Akamwandikia yote hayo kwenye karatasi. Ilikuwa dakika kumi. Shemeji anasema usiku ule alilala mpaka jogoo wakawika, mara ya kwanza tangu Machi. Ugonjwa ulikuwa ule ule, na siku za kungoja zilikuwa bado nyingi. Kwa hiyo wanaosema hakuna fedha ya kupunguza hofu ya wagonjwa watueleze dakika kumi hugharimu shilingi ngapi.

Tangu hapo alishika daftari la mtoto la shule, akawa anaandika humo kila swali linalomjia usiku, ili lisimzunguke kichwani. Jambo la usiku huliandika, hulifunga, hungoja siku ya daktari. Dada yake mmoja tu ndiye aliyepewa kazi ya kujibu jamaa wanaopiga simu kuuliza habari, yeye mwenyewe apumzike. Mama mkwe alikatazwa kwa upole asilie mbele ya watoto. Na kila jioni yeye na mume wake, kama mume yuko nyumbani, hukaa kidogo wakausema ugonjwa, kisha wakauacha, wakasema ya mbuzi na ya karo. Haya tumeyaandika kwa sababu yapo majumba mengine ya wanachama yenye mtu anayengoja, na yanasaidia. Lakini hakuna daftari linalopunguza hata siku moja katika 140.

Sasa tuje kwa mwajiri.

Mwezi wa Oktoba 2024, ule mwezi wa saratani ya matiti, mwajiri wa mwenzetu aligawa fulana za rangi ya waridi. Tulipigwa picha. Mkubwa alihutubia, akasema kampuni ni familia, na familia hupigana pamoja. Tulipiga makofi, na fulana ni nzuri, wengine wetu twazivaa mpaka leo tukichimba kokoto. Miezi saba baadaye mwenzetu aliomba siku moja ampeleke mke wake hospitali. Akajibiwa kwamba mgonjwa si mfanyakazi. Akaenda hivyo hivyo, kwa kuwa ni mwanamume. Mwisho wa mwezi siku ile ilikatwa, na tarehe ya hospitali iliposogezwa akaenda mara nyingine, ikakatwa nyingine, na barua ya onyo ikafuata. Hiyo ndiyo familia.

Tukaitazama sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, na saba nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka, kama mkataba haukumpa zaidi. Hizo ni za mfanyakazi mwenyewe akiugua. Kwa kumsindikiza mke, au mume, au mama, sheria hiyo haikutenga siku. Mfanyakazi anayeugua saratani mwenyewe naye atazimaliza siku hizo kabla hata ya kupata majibu. Na wanawake wapo katika kazi ya reli siku hizi, makarani, wakata tiketi, wasafishaji, na hata madereva. Asidhani mtu kwamba twasema habari ya wake zetu tu.

Fedha nayo isemwe. Tangu Oktoba 2024 sisi sote tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kwa bima ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF. Mwenye shilingi 30,000 anakatwa 825 kila mwezi. Mwajiri haongezi juu yake hata senti. Fungu la saratani kwa nyumba moja kwa mwaka liliwekwa shilingi 400,000, na 150,000 nyingine katika mfuko wa magonjwa makubwa. Na mwezi wa Oktoba 2025 Rais akatangaza kwamba jumla itapandishwa hadi 800,000. Vema, tumesikia na tumeshukuru. Lakini shilingi 800,000 zilizo katika karatasi hazimpi mtu kitanda, wala hazimlipii nauli ya kutoka Kalamba, wala usiku wa kulala Nairobi kwa jamaa ambaye chumba chake ni kimoja na watoto wake ni wanne.

Wapo wanaotuambia kwamba hayo ni mambo ya serikali na ya mabwana wa dawa, chama cha reli kitafanya nini. Watazame mwaka huo huo wa 2025. Herceptin, dawa ya wale wenye HER2 nyingi, ilikuwa ikiuzwa shilingi 120,000 kwa dozi moja. Wizara ya Afya, SHA na kampuni ya Roche wakaketi mezani, na bei ikashuka hadi 40,000, inayolipwa na SHA. Bei iliyosemwa kwamba haiwezi kushuka ilishuka watu walipoketi mezani kudai. Sisi kudai mezani ndiyo kazi yetu. Na Makueni yetu ilionyesha njia tangu mwaka 2016, ilipoanzisha mpango wa nyumba kulipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Watu wa Nairobi walicheka kwanza, kisha wakaja kutazama.

Tukimaliza kuwasema wakubwa, tujiseme wenyewe, maana aibu nyingine ni ya kwetu. Tulipochanga nauli ya shemeji, mtu mmoja katika genge aliuliza kwa nini tuchange kwa mtu asiyelipa ada ya chama. Mwingine alimwita mwenzetu kando akamwambia kwamba huo ni uoi, yaani uchawi, atafute aliyeutuma kabla hajapoteza mbuzi zake kwa madaktari. Kama mwenzetu angemsikiliza, siku 140 zingekuwa 300. Na tunawajua wanaume, wawili katika sehemu hii ya njia, ambao mke alipokatwa titi walihamia kwa mwingine. Watu hao huimba mshikamano kwenye mkutano kwa sauti kuliko wote. Hatutaki kusikia sauti zao katika jambo hili.

Basi twataka nini? Mkataba mpya wa kazi unapoandikwa, iwekwe humo siku za kumsindikiza mgonjwa wa nyumba yako hospitali, kwa mshahara, mradi karatasi ya hospitali ionyeshwe. Tumefikiri siku kumi kwa mwaka, na kama wenzetu wa karakana wana hesabu bora waseme. Mfanyakazi anayengoja tiba ya saratani asihesabiwe mtoro, na asitolewe kwenye zamu nyepesi kwa kuwa ati bado hajalazwa. Viongozi wetu, kupitia vyama vyote vilivyoungana, wadai kwa wizara kwamba kila mgonjwa wa saratani aondoke hospitali na karatasi yenye tarehe ya hatua inayofuata, na namba ya simu ya mtu mwenye jina, anayepokea. Tarehe ikisogezwa, aambiwe kabla hajapanda matatu, na aambiwe sababu. Shemeji alifika dirishani Nairobi saa kumi na mbili alfajiri, baada ya kusafiri usiku, kuambiwa arudi baada ya wiki tatu. Ujumbe wa simu ungegharimu shilingi moja.

Na fedha ya tawi, ile inayolala ikingoja sherehe ya mwisho wa mwaka, itengwe sehemu ya nauli za wagonjwa. Tunajua jambo hili litaleta kelele. Mbuzi wa sherehe ana wapenzi wengi kuliko katibu wa tawi.

Shemeji yetu alimaliza dawa za mshipani, akapasuliwa, na sasa amebakiwa na mionzi. Nywele zimeanza kurudi, na anatuambia zimerudi laini kuliko za mwanzo, hajui kama afurahi au acheke. Safari hii tarehe yake imeandikwa. Genge limekwisha panga zamu: mume wake atakwenda naye, na kazi yake ya siku hiyo tutaigawana sisi tuliobaki. Kama siku hiyo nayo itakatwa katika mshahara wake, tumekubaliana watu kumi na wanne kwamba asubuhi ya pili tutakwenda ofisini sote pamoja, na fulana zetu za waridi, kuuliza sababu.

Mkutano wa tawi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana. Tumempa katibu jambo hili kwa maandishi, naye amelipokea na kutia sahihi.

Sisi wa genge